Je, mkataba wa Wamaasai ulikuwa wa miaka 99?

SWALI: Mwalimu, babu yangu husema Wamaasai waliwakodishia Wazungu Laikipia kwa miaka 99, na muda ukaisha Agosti 2004. Mbona basi ardhi haijarudi?
Msomaji, Kajiado

JIBU: Mwanangu, babu yako hakuzua. Mwaka huo wa 2004 wafugaji waliandamana wakidai hilo hilo. Lakini mkataba wenyewe nimewasomea wanafunzi wangu miaka mingi, na miaka 99 haimo. Kilichomo ni kizito zaidi.

Ulitiwa saini Agosti 1904, baina ya Olonana, kiongozi wa Wamaasai, pamoja na viongozi wenzake, na Kamishna Donald Stewart wa serikali ya kikoloni ya Waingereza. Reli ilikuwa imefika Ziwa Victoria mwaka 1901, na walowezi walilitaka Bonde la Ufa. Wamaasai wakahamishwa mbali na reli, wengine Laikipia, upande wa kaskazini, wengine kusini, wakaahidiwa njia ya kupitia baina ya pande hizo, yenye maji. Kisha kuna kifungu ambacho hunigusa kila nikikifikia: wabakiziwe maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop, wapate mahali pa kutahiria vijana wao. Wazee wanaowatafutia wajukuu mahali pa jando hawahesabu miaka ya kukodisha.

Na muda? Mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka 7.

Mwaka 1911 serikali ilipata mkataba mwingine, wa kuwatoa Laikipia. Olonana alikuwa amefariki Machi mwaka huo huo, na serikali ikadai kwamba aliusia watu wake wahame. Legalishu, kiongozi wa upande wa kaskazini, alipinga kuhama, na Wamaasai wakaenda mahakamani. Desemba 1913 Mahakama ya Rufaa ikasema huo ni mkataba wa dola mbili, mahakama haina uwezo wa kuusikiliza. Walihesabiwa wageni mbele ya mahakama, na huku wanaswagwa kama mifugo kutoka kwao. Hasira yake haijanitoka.

Hiyo 99, kwa maoni yangu, imetoka kwenye hati za walowezi. Sheria ya ardhi ya 1902 iliwakodishia kwa miaka 99, ile ya 1915 ikawapa hadi 999.

Msomee babu kifungu kile cha "maadamu", polepole, kwa Kimaasai. Akidai, adai kwa hicho.