"Averment": dai linalosubiri ushahidi

SWALI: Kwenye hati ya kesi ya madai kutoka Uskoti nimekuta neno "averment". Je, ndio ushahidi wenyewe? Na lilitoka wapi?

JIBU: Si ushahidi. Ni dai la jambo mahususi ambalo mwenye kesi anasema lilitokea na atalithibitisha. Limetoka Kifaransa cha kale, averer, kuthibitisha. Ndani yake mna verus ya Kilatini, yaani kweli. Zamani Uingereza, utetezi wenye jambo jipya ulifungwa kwa "et hoc paratus est verificare": na hili yuko tayari kulithibitisha. Mwaka 1733 Kilatini kikaondolewa kwenye hati hizo.

Uskoti neno lingali hai. Madai huandikwa kwa aya zenye namba, na mdaiwa hujibu kila moja: anakubali, anakana, au halijui na halikubali. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa sababu jambo analolijua mwenyewe akilinyamazia, huhesabiwa amelikubali.

Kosa jingine ni kuandika "mdaiwa alizembea", basi. Hilo ni hitimisho tupu. Andika alichofanya, lini na wapi: "saa 2 usiku aliendesha gari bila taa". Shahidi akileta jambo lisilomo kwenye hati, upande wa pili hupinga, na jaji anaweza kulikataa.

Ukiona "believed and averred" (inaaminika na kudaiwa), ujue mwandishi hana ushahidi wa moja kwa moja. Anajenga hoja juu ya mambo mengine, na hayo lazima yawe yameandikwa kwenye hati hiyohiyo.