Tikiti jeupe ndani, mengine yanapasuka shambani
Pole kwa hasara, ndugu. Weupe ule ni wa kuchuma mapema, na tikiti maji likishakatwa haliongezi utamu. Kujua kama limeiva, usitegemee kuligonga tu. Tazama kijiuzi kilichojisokota pale kikonyo kinapoungana na mmea: kikiwa kibichi, liache, kikikauka na kuwa kahawia, geuza tunda. Doa lililolalia udongo liwe la manjano, si jeupe. Hapo kata kwa kisu kikali, ukibakiza kikonyo cha sentimita 5. Ukilinyofoa, uozo huingilia hapo.

Kupasuka ni maji. Shamba likikauka kisha ukalimwagilia kwa wingi, nyama hutanuka kuliko ganda. Mwagilia kwa kiasi kilekile, punguza wiki ya mwisho, na vuna alasiri. Asubuhi tunda limejaa maji, hupasuka upesi.