Maziwa ya ng'ombe yasubiri kwanza

Dada, hongera kwa kumuasili binti. Umesema ana wiki tano, kilo 4, na shangazi anakushauri umpe maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji. Shangazi ana nia njema, lakini hapo usimsikilize. Maziwa ya ng'ombe ya kunywa hayamfai mtoto wa chini ya mwaka: chumvi na protini vinalemea figo, madini ya chuma ni haba, na ukizimua unampunguzia shibe.

Mpe maziwa ya kopo ya watoto wa miezi 0 hadi 6. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo lakini yasipite nusu saa, kwa sababu ule unga unaweza kuwa na vijidudu vinavyohitaji maji ya moto kufa. Kijiko ni kile cha ndani ya kopo, usawazishe kwa mgongo wa kisu. Usizidishe maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi! (Najua bei yake, nimeyanunua.) Kisha poza chupa kwenye bakuli la maji baridi, udondoshee kwenye kifundo cha mkono uone kama yamepoa.

Kwa kilo 4 ni kama mililita 600 kwa siku nzima, ukizigawa mara nane. Akigeuza uso, ameshiba, yaliyobaki mwaga.

Chupa ikikusumbua kuosha, kikombe kidogo kinatosha. Mkalishe wima, yaguse mdomo wa chini, atalamba mwenyewe.

Ukitamani kumnyonyesha, inawezekana hata bila kuzaa, ila maziwa mara nyingi hayatoshi. Muulize nesi siku ya kumpima uzito.