Pingi kuruka ghafla kwenye Wi-Fi ya nyumbani

Kama kasi ya kupakua ni nzuri ila pingi (muda wa data kwenda na kurudi) inaruka kutoka milisekunde 20 hadi 400 ukiwa katikati ya gemu, usikimbilie kununua ruta mpya. Fungua madirisha mawili ya amri (Command Prompt au Terminal): moja lipige pingi kwa ruta yenyewe (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1), jingine kwa 8.8.8.8 (seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti). Yaache yaendelee mpaka tatizo litokee.

Zikipanda zote mbili kwa pamoja, shida iko hewani, kati yako na ruta. Hamia bendi ya Wi-Fi ya 5 GHz ukiwa karibu nayo. Ukilazimika kubaki 2.4 GHz, tumia chaneli 1, 6 au 11 na upana wa 20 MHz. Angalia pia kama pingi inaruka kwa mpangilio, tuseme kila baada ya dakika moja. Hapo mimi huishuku kwanza kompyuta yenyewe: inaacha chaneli yake kidogo ili kutafuta mitandao mingine, na pakiti zako za data zinasubiri. Zima huduma ya kutambua mahali ulipo, kisha jaribu tena. Watu wengi hawaigusi kabisa hiyo.

Ruta ikijibu vizuri lakini 8.8.8.8 ikapanda, mara nyingi kuna kifaa kinachopakia video au picha na foleni imejaa kwenye modemu. Washa SQM (kipengele cha ruta kinachosimamia foleni ya data) kama ruta yako inayo, uweke kikomo karibu asilimia 90 ya kasi yako halisi, hasa ya kupakia.