Apunguziwe madaraka? Anzeni na wanaoagiza bila mamlaka

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama afisa mikataba wa serikali ya Marekani apunguziwe madaraka, kwa kuwa saini yake peke yake inaifunga serikali kwenye mkataba, na saini hiyohiyo inaweza kuuvunja mkataba hata kama mkandarasi hajakosea lolote. Niliposoma swali nilijibu ndiyo papo hapo. Nimekuwa miaka mingi msimamizi katika kampuni ndogo inayosafisha majengo ya serikali hapa Marekani, na ofisi ya afisa huyo imewahi kutukosesha usingizi. Ila kila ninavyoandika naona kilichotuumiza hakikuwa ukubwa wa madaraka yake. Kilichotuumiza ni wingi wa wanaotoa amri bila kuwa na mamlaka.

Wenzangu wa kazi hizi mnajua jengo lilivyo. Meneja anaagiza, mwakilishi wa afisa mikataba anakagua, na kila mwenye ofisi anaomba lake. Wote wana vitambulisho vya serikali shingoni. Mwenye hati ya uteuzi, ile inayotaja mipaka ya mamlaka yake, ni mmoja, afisa mikataba mwenyewe, na mara nyingi yuko mji mwingine. Unaweza kumaliza mkataba hujawahi kumwona uso.

Ijumaa moja usiku, katikati ya baridi kali, bomba lilipasuka ghorofa ya juu ya jengo tulilokuwa tukisafisha. Meneja wa jengo alimpigia bosi wetu, mama mmoja mchapakazi aliyeianzisha kampuni kwa akiba yake. Alimwambia alete watu wote alionao na mashine za kunyonya maji, makaratasi watayamaliza Jumatatu. Mama hakuuliza mara mbili. Alikodi mashine na mafeni kwa kadi yake mwenyewe, nami nikaanza kuwaamsha watu. Wengine walikuwa wametoka zamu ya pili ya kazi nyingine, hawajala, wakaja hivyohivyo. Tulinyonya maji usiku kucha. Tulibeba maboksi ya mafaili kutoka chumba hadi chumba, tukang'oa mazulia yaliyolowa, na Jumapili jioni bado mafeni yalikuwa yakivuma koridoni. Jumatatu wafanyakazi wa jengo waliingia wakakuta sakafu kavu. Meneja alitushika mikono mmoja mmoja, akatuma na barua pepe ya shukrani.

Kisha tukapeleka ankara. Jibu la afisa mikataba lilikuwa fupi: kazi hiyo haimo kwenye mkataba, yeye hakuiagiza, na hakuna fedha zilizotengwa kwa ajili yake. Meneja alipoulizwa alisema alidhani kukausha maji ni sehemu ya usafi. Nakumbuka Mama amekaa na karatasi ile mezani, anasema, "Wameniita, nimekuja. Sasa nimdai nani?" Mishahara ya watu alikuwa ameshalipa, kwa sababu wao wasingeweza kungoja.

Mwanasheria alitueleza kesi ya mwaka 1947 ambayo sijaisahau. Wakulima wa Idaho walioitwa Merrill waliambiwa na kamati ya eneo lao kwamba ngano yao, ambayo sehemu kubwa ilikuwa imepandwa upya, inaweza kukatiwa bima na shirika la serikali la bima ya mazao. Ukame ukaiangamiza, na shirika likakataa kulipa kwa kuwa kanuni zilizochapishwa hazikuruhusu bima ya aina ile. Mahakama ya Juu ya Marekani ililiunga mkono shirika kwa kura 5 dhidi ya 4. Anayeshughulika na serikali ni juu yake kuhakikisha kwamba anayesema kwa niaba ya serikali ana mamlaka hayo kweli. Niliisikia nikakasirika, na bado nawahurumia wakulima wale.

Lakini sharti niseme kilichofuata. Afisa mikataba, ambaye angeweza kuishia kwenye barua ile, alipiga simu mwenyewe. Alitutajia cha kukusanya: maelezo ya maandishi ya meneja, orodha ya saa za kila mfanyakazi, risiti za kukodi mashine. Kanuni zinaruhusu kazi iliyoagizwa na asiye na mamlaka iridhiwe baadaye, mradi serikali imenufaika, bei ni ya haki na fedha zilikuwepo wakati ule. Alipeleka faili kwa wakubwa wake, akalifuatilia. Ilichukua miezi mingi. Tulilipwa.

Sasa nikifikiria mamlaka yale yakigawanywa kwa kamati, sioni nani angeinua simu ile. Kumbukeni Bunnatine Greenhouse, aliyekuwa afisa mkuu wa kiraia wa mikataba katika kikosi cha wahandisi cha Jeshi la Marekani. Mwaka 2003 aliandika pingamizi kwa mkono wake kando ya saini yake, kwenye mkataba wa mafuta ya Iraki uliopewa kampuni tanzu ya Halliburton, kampuni kubwa ya huduma za mafuta, bila ushindani. Alishushwa cheo mwaka 2005, na malipo ya suluhu ya dola 970,000 yalikuja mwaka 2011. Pingamizi lile lilionekana kwa sababu saini ilikuwa ya mtu, na mtu ana jina. Najua upande wa pili pia: Darleen Druyun wa Jeshi la Anga alifungwa kwa kujadili ajira yake na Boeing huku akisimamia mikataba yao. Ila naye jina lake lilijulikana.

Kwa hiyo nasema asipunguziwe, ingawa nilianza kwa ndiyo. Hata hivyo sikubali kila kitu. Ukiwa na dai rasmi, sheria ya mwaka 1978 inakupeleka kwanza kwa afisa huyohuyo mnayezozana naye, ndipo ukate rufaa kwenye bodi ya rufaa za mikataba ndani ya siku 90 au ufungue kesi mahakamani ndani ya miezi 12. Kampuni ya watu wachache inaweza kufa ikingoja. Pia naomba kila jengo la serikali liwe na namba ya mwenye mamlaka anayepatikana usiku wa Ijumaa. Na meneja anayeagiza kazi asiyo na uwezo wa kuilipia awajibishwe yeye kwanza, kabla ya mkandarasi kuambiwa kwamba angepaswa kujua.