Spirulina na vitamini C kwenye miche ya mrehani na giligilani

Kabla hujanunua unga wa spirulina, yaani mwani uliokaushwa unaopuliziwa miche kama kichocheo cha ukuaji, onja maji yako. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na mche ulioungua ncha za majani kwa chumvi hauponywi na kichocheo chochote. Kinga maji ya mvua au tafuta ya bomba yasiyo na ladha.

Kipimo cha spirulina ni gramu 1 kwa lita moja. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 2 hadi 3, kwa hiyo mizani ni bora kuliko kijiko. Koroga unga kwenye maji kidogo, uache nusu saa, kisha chuja mara mbili kwa kitambaa. Usipochuja, pua ya chupa ya kupulizia itaziba. Utumie siku hiyohiyo. Unga huu una protini nyingi, hivyo ukilala kwenye joto hunuka, na ukipulizia maji yaliyooza unaualika ukungu. Maji ya kijani ya kwenye tenki si mbadala: mwani wa humo haujulikani, na aina nyingine zina sumu.

Anza mche ukishatoa majani mawili halisi, si yale ya kwanza ya mbegu. Pulizia kabla ya saa 2 asubuhi mpaka majani yalowe bila kutiririka, rudia baada ya siku 10. Miche iliyosongamana ikilala na majani yaliyolowa, kinyausi, yaani ukungu unaoozesha shina la mche usawa wa udongo, hakiko mbali.

Vitamini C ni rahisi zaidi: saga kidonge kimoja cha miligramu 500, yeyusha kwenye lita 5 za maji, upulizie vilevile. Chukua vile vya kawaida. Vya kutafuna vina sukari na rangi. Vya kutoa povu vina sodiamu, yaani chumvi ileile unayoikimbia. Mwanga na joto huiharibu vitamini C upesi, na madini ya chuma yaliyomo kwenye spirulina huongeza kasi, kwa hiyo usivichanganye. Vipishane siku tatu.

Mbegu za giligilani zibonyeze zipasuke, loweka kwa muda wa saa 12 kwenye maji ya spirulina, panda moja kwa moja mahali pa kudumu kwa sababu mzizi wake mkuu hauvumilii kuhamishwa. Za mrehani usiloweke kabisa. Hutoa ute na kugandamana.

Trei moja iachie maji matupu, la sivyo utausifia unga kwa kazi ya samadi. Majani ya chini yakigeuka manjano, mara nyingi hiyo ni njaa ya naitrojeni: ongeza samadi iliyooza, si kipimo cha spirulina.