Ami, umesoma nini? Muulize mamangu

Wasomaji wangu, meseji zenu nimezipata, na zile za sauti pia (jamani, mtu atuma dakika saba na swali ni moja?). Mwezi huu wengi mumeuliza kitu kimoja kwa njia tofauti, nimesoma nini na nimekionaje, kwa hivyo kona yote nimeiachia vitabu. Wale wa ndoa na wa mashamba ya Kilifi nisubirini mwezi ujao.

Ami, naskia wamaliza vitabu vinne kwa mwezi na kazi wafanya. Taimu waitoa wapi? – Mwenye Wivu, Bombolulu

Uongo huo, ulikuwa ukweli zamani. Nilikuwa nasoma kwa feri, nasoma kwa foleni ya benki, nasoma ofisini kwetu kwenye klaringi tukingoja karatasi za kontena zitoke, na karatasi zenyewe mwazijua. Sasa hivi kimoja kwa mwezi nikijitahidi, kikiwa kinene hata nusu, maana nasoma kwa sauti.

Namsomea mamangu. Kila siku baada ya Isha, hapa Majengo, yeye kitandani mimi kwenye kigoda, feni ikizunguka. Ana miaka 77 na mtoto wa jicho alikuwa amemshika macho yote mawili, lakini hata macho yalipokuwa mazima herufi za kizungu hakusomeshwa, babu alikataa kata kata shule ya serikali, alienda chuoni tu akahitimu msahafu na kuandika kwa khati ya Kiarabu basi. Kwa hiyo riwaya zote za Kiswahili zilizotoka yeye akiwa hai, na Kiswahili chenyewe ni chake kuliko changu, zimempita kando. Hilo lilinijia usiku mmoja nimejifungia chumbani nasoma peke yangu na yeye yuko upande wa pili wa ukuta asikiliza redio ya jirani. Niliona haya, kusema kweli.

Tatizo ni kwamba ukisoma kwa sauti kitabu hakina pa kujificha. Ukisoma kimya jicho laruka palipolegea, mdomo hauruki. Na mama naye hana adabu ya wasomaji, hangoji sura iishe. "Wata. Rudi nyuma." Hayo ndiyo maneno yake, wata maana yake wacha, kwa wale wa bara.

Ile Peponi ya Gurnah inafaa kweli au ni jina tu sababu ya Nobel? Kiingereza chake kilinichosha. – Mwalimu Mstaafu, Changamwe

Mwalimu, Kiingereza chake nilikisoma miaka mingi iliyopita, kilitoka 1994, nikasema kizuri, nikakirudisha kwa mwenyewe. Hiki cha Kiswahili alichotafsiri Ida Hadjivayanis, kilichotoka Dar kwa Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya hiyo Nobel, ndicho kilichonikamata shati.

Kwa ambao hawajakisoma: Yusuf ni mtoto wa miaka 12, babake ana deni kwa tajiri mmoja aitwa Aziz, siku moja tajiri aondoka naye kwa treni, na mtoto ajua aenda kutembea kwa ami yake. Mpaka afike dukani pwani, huko kuna kijana Khalil, huyo ndiye amwambiaye wazi kwamba yule si ami yako. Mimi hapo zamani nilipita tu, nikaona ni uchungu wa kawaida wa riwaya. Mama akasema wata. Akanyamaza kidogo. Kisha: "Kumbe mwana wa watu wamemuweka rehani, kama bangili yangu."

Bangili gani? Hapo ndipo nilipojua, mimi mtu mzima mwenye mvi, kwamba karo yangu ya kidato cha kwanza ilitoka kwa sonara. Aliipeleka bangili ya dhahabu ya nyanyake, ya kusokota, akapewa pesa, akaambiwa aje kuikomboa baada ya miezi mitatu, na miezi mitatu ikaja na yeye hana kitu. Alinionyesha unene wake kwa vidole viwili, akaviacha hivyo hivyo hewani muda mrefu. Miaka yote mimi najua karo "ilipatikana", hivyo ndivyo tulivyoambiwa, ilipatikana.

Basi mwalimu, kuhusu swali lako, kinafaa. Si kitabu cha mbio. Kuna msafara wa biashara kwenda bara, mrefu, watu waugua, wapigwa, waibiwa, mama alikuwa auliza kila siku kabla sijafungua, "hawa wamefika au bado?", na mimi pia kuna jioni nilichoka nao. Lakini hao watu wa pwani wakizungumza Kiswahili wamekuwa kama wamerudi kwao, zile adabu zao, vijembe vyao, dua zao, kwa Kiingereza vilikuwa vimevaa suti. Kanunue. Ukiona bei chunguliachungulia vile vibanda vya vitabu vya mitumba, ingawa hicho bado ni kipya sijakiona huko.

Mimi napiga kazi bandarini. Nitajie kitabu cha watu kama sisi, sitaki cha mapenzi. – Mzee wa Zamu, Shimanzi

Kuli, ya Adam Shafi, 1979. Cha Unguja hicho, kijana Rashidi aingia kazi ya ukuli gatini, na kinaenda mpaka ule mgomo mkubwa wa 1948. Mapenzi hayamo mengi usiogope.

Sasa hiki sikukisoma, nilikisoma nikisimamishwa kila peji, maana babangu mzaa mama alikuwa kuli Kilindini. Mama amezaliwa mwaka huo huo wa mgomo wa Unguja, na sisi hapa Mombasa tulikuwa tumeshagoma mwaka mmoja nyuma, Januari 1947, mji mzima ulilala siku kama 12, gati, reli, mahoteli, mpaka maboi wa majumbani. Kibachia, Chege Kibachia, ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa ule umoja wa wafanyakazi na mwaka haukuisha akakamatwa. Haya nilikuwa nayajua kwa vitabu. Nisilolijua ni kwamba babu siku hizo zote walikula muhogo asubuhi na muhogo jioni, na kwamba nyanya aliuficha mfuko wake wa mchele kwa sababu akijua mgomo utakuwa mrefu kuliko wanaume walivyosema. Na bega la babu la kulia, asema mama, lilikuwa na sugu gumu kama kisigino, yeye akiwa mtoto akibebwa bega hilo alikuwa akilalamika lamchoma.

Nikarudi kwenye kitabu nikaona Rashidi ana bega pia.

Kasoro yake mimi naiona pale wanapokaa kuelimishana juu ya umoja, maneno yanakuwa marefu, kama mkutano wa chama saa tisa mchana na jua. Mama hakukubaliana na mimi kabisa, alisema hayo ndiyo yaliyokuwa matamu, babake alikuwa akizungumza hivyo hivyo na wenzake barazani na nyanya akiwapelekea kahawa ili wapunguze sauti. Kwa hivyo weye mzee wa zamu soma mwenyewe uamue, na siku hizi ukitizama kule gatini mtu mmoja juu ya krini anashusha kwa dakika kasha ambalo mzigo wake ungeua mabega ya watu wangapi sijui, mimi huwa nasimama natizama.

Nimemkuta binti yangu wa miaka 16 na Rosa Mistika chini ya mto. Naambiwa kiliwahi kupigwa marufuku. Nimnyang'anye? – Mama Wawili, Mikindani

Dada usimnyang'anye, yaani ukimnyang'anya utakuwa umeingia ndani ya kitabu chenyewe.

Ni kweli kilipigwa marufuku mashuleni huko Tanzania kilipotoka, 1971, mwandishi wake Kezilahabi alikuwa kijana kabisa. Baadaye kikaja kusomeshwa shule zile zile. Msichana Rosa wa Ukerewe, babake Zakaria ni mlevi na ni mkali, amkuta na barua ya mvulana ampiga kipigo cha mbwa, na tangu hapo msichana hajui mwanamume azungumzwa naye vipi, amejua kuogopa tu. Anapotoka nje ya macho ya babake mambo yote yanaporomoka, na mwisho ni mbaya sana, nakwambia mapema ili ukae naye karibu akifika huko. Watu walilalamikia yale ya kitandani. Mimi nilipokisoma upya lililonikosesha usingizi ni ile barua.

Na nikwambie siri. Kuna mahali nilipokuwa namsomea mamangu niliruka nusu ukurasa, wacha, ni mamangu. Sikusita, niliunganisha sentensi vizuri tu kama dereva wa matatu akwepaye shimo. Kimya. Halafu, "Umeruka." Nikasema sikuruka. "Sauti yako imepanda. Wewe tangu mdogo ukisema uongo sauti hupanda." Basi nikarudi nyuma nikasoma yote, natizama ukutani. Hakusema kitu, alicheka kidogo tu puani.

Soma nacho binti yako. Si lazima kwa sauti.

Ami, mimi mzaliwa wa hapa lakini Sauti ya Dhiki nusu ya maneno hayaniingii. Ninunue kamusi? – Kijana wa Kisauni

Pesa yako nunua viazi karai. Kamusi nyingi zitakupa Kiswahili cha Unguja na shuleni, na Abdilatif Abdalla ameandika kwa Kimvita, Kiswahili cha mji huu huu ukanyagao. Siwati ni siachi. Mato ni macho. Ndia ni njia. Nyanya yako ayasema hayo kila siku jikoni, wewe umeweka vidude masikioni.

Kisa chake wakijua wengi lakini nitakirudia kwa wadogo: 1968 aliandika kijikaratasi cha kuikosoa serikali, Kenya Twendapi, akafungwa miaka 3, 1969 mpaka 1972, na tungo akawa aziandika humo jela kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikatoka 1973, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo iliyobeba jina la rais aliyekuwa madarakani akifungwa. Hilo lanichekesha kila mara, kicheko cha pembeni.

Mama mashairi haya hakusema wata hata mara moja. Alikuwa akimalizia vina kabla sijafika, mimi naenda na mstari yeye ashanisubiri mwishoni. Kuna ubeti nilitamka neno kama lilivyo kwenye redio, akanirekebisha kama mtoto wa chuo, "t' hiyo ina pumzi." Kumbe kuna t mbili! Na mimi najiita mtu wa Mvita. Sasa kijana, mtafute mtu mzima, mpelekee na kitu cha kutafuna, umsomee vibaya makusudi. Hatavumilia.

Kuna kitabu ulichokitupa? – Mchokozi, Tudor

Kipo, sikitaji, mwandishi wake yu hai na tutakutana harusini. Mama alilala ukurasa wa 9. Nikamwamsha nikarudia, akalala ukurasa wa 9.

Uliwahi kutuambia Bi Mkubwa afanyiwe operesheni ya macho. Akipona atasoma mwenyewe, wewe utabaki na kazi gani? – Jirani Mwema, Majengo

Jirani wewe wanijua, mbona waniuliza hapa hukubisha hodi? Jicho la kulia limefanyiwa mwezi uliopita, alhamdulillahi, la kushoto lasubiri. Siku walipombandua ile bandeji alisema kwanza kwamba nimenenepa.

Kusoma riwaya hawezi, si nimesema, herufi hizi zetu hazijui. Lakini siku ya nne aliniambia nitoe sanduku chini ya kitanda. Ndani kuna daftari, limefungwa kwa kitambaa cha leso kuukuu, limeandikwa na nyanyake kwa wino wa kahawia, Kiswahili kwa khati ya Kiarabu. Utendi wa Mwana Kupona, ule wa 1858 ambao mama wa huko Lamu na Siyu alimtungia bintiye akiwa mgonjwa. Miaka kama sita hivi hajalifungua, macho hayakumruhusu, na mimi nilidhani ni daftari la madeni.

Nikaona haya ndiyo yangu sasa, msahafu nausoma, nitashindwa na hili? Nikashindwa. Be ile ile moja mara ni b, mara ni p, mara ni mb, yategemea wewe ulishajua neno lenyewe, na kama hulijui umekwama hapo hapo kama mkokoteni Marikiti. Nilisoma mstari mmoja dakika tano. Akaninyang'anya.

Kwa hiyo jirani, saa tatu usiku ukisikia sauti dirishani kwetu siku hizi si yangu. Asoma kwa kughani, polepole, jicho la kushoto amelifunga, kidole chatembea kutoka kulia. Mimi niko chini kwenye kigoda changu, jana nimemsimamisha mara nne.